Kuumeni na Kukeni: Uhakiki wa Maneno Yaelezayo Asili ya Ualbino

Kolandoto ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, na jina lake lajulikana mbali kwa ajili ya hospitali ambayo asili yake ni kazi ya wamisionari wa Africa Inland Mission. Mimi sikwenda huko kwa ugonjwa. Nalikwenda kusikiliza jinsi Kiswahili kinavyosemwa na watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kisukuma, na siku moja nikaketi pamoja na wenyeji chini ya mti kumsikiliza kijana mmoja, mgeni wa mahali pale, aliyekuja kutoka mbali kueleza asili ya ualbino. Kijana huyo alisema kwa sauti nzuri na kwa Kiswahili kisicho na lawama. Alisema kwamba ualbino si laana, wala si malipo ya uzinzi, wala hauji kwa sababu mama mjamzito ametazama jambo la kutisha. Watu wakaitikia. Kisha akasema, "Ualbino ni hali ya kurithi." Hapo mzee mmoja akainua fimbo yake kuomba nafasi, akauliza, "Mwanangu, mjukuu wangu amerithi kwa nani? Mimi sijafa, baba yake hajafa, na rangi zetu tunazo." Watu wakacheka. Kijana naye akacheka kwa adabu, akasema, "Ni kweli, babu," kisha akairudia sentensi ile ile kwa sauti kubwa zaidi.

Mzee yule hakufanya mzaha. Alikuwa amelipima neno kwa mizani ya Kiswahili akaliona halikai sawa, na katika jambo hilo alikuwa mhakiki bora kuliko wengi wetu tunaoandika katika majarida. Makala haya yataka kuifuata hoja yake. Nasema kwamba maneno tunayoyatumia kueleza asili ya ualbino, ingawa yametungwa na watu wenye nia njema na elimu ya kutosha, yana kasoro ambayo humrudisha msikilizaji mahali pale pale tulipotaka kumtoa. Na kwamba kasoro hiyo humwangukia mtu mmoja zaidi ya wengine wote, naye ni mama wa mtoto.

Neno kurithi tumelipata katika Kiarabu, nalo limeingia katika Kiswahili likifuatana na sheria yake. Anayerithiwa amekwisha kufa. Kinachorithiwa ni kitu kijulikanacho: shamba, ng'ombe, nyumba, deni, na katika desturi za baadhi ya makabila hata mjane. Mrithi hupata kile alichokuwa nacho marehemu, wala hawezi kupata asichokuwa nacho. Hata tunapolitumia neno hili kwa mfano tu, tukasema kwamba mtoto amerithi pua ya baba yake au hasira za mjomba wake, bado twadhani kwamba pua ile ilionekana usoni mwa baba na hasira zile zilisikika mdomoni mwa mjomba. Sharti la kuonekana halikuondoka.

Sasa tazama ualbino. Wazazi aghalabu wana rangi kamili. Wanatoa wakiwa hai, tena wanatoa wasichokijua, na kila mmoja hutoa kitu ambacho peke yake hakimdhuru mtu. Baba akitoa na mama asitoe, hapana litakaloonekana. Na mama akitoa baba asitoe, vivyo hivyo. Ni jambo lililo kinyume cha urithi karibu katika kila sharti, nasi twaliita urithi.

Matokeo yake ni haya. Msikilizaji mwenye akili akiambiwa kwamba hali ya mtoto ni ya kurithi, hufanya lile ambalo lugha yake imemfundisha kufanya: humtafuta mwenye mali. Huutazama ukoo wa baba, na kwa kuwa anaujua ukoo huo kwa vizazi vitatu au vinne, husema kwamba hamna. Kisha huutazama ukoo wa mama, ambao haujui sana, na kile asichokijua hukihesabu kuwa ndicho kilichofichwa. Jioni ya siku ile ile mama mmoja mtu mzima aliniambia, bila chuki, kama asemaye habari za mvua, "Sisi hatuna kitu hicho. Mkwe wetu ametoka nacho kwao." Huyo mkwe, kama nilivyoelezwa baadaye, alikuwa amekwisha kurudi kwao na mtoto wake. Mama yule alikuwa miongoni mwa waliosikiliza asubuhi, na naamini kwamba alikuwa amesikiliza vizuri. Mafunzo hayakumwondolea wazo lake. Yalimpa neno jipya la kulisemea.

Kabla ya kuendelea na maneno yafaa tuuone mwili unavyofanya kazi, maana mhakiki asiyejua kinachoelezwa hawezi kuhukumu maelezo. Rangi ya ngozi, nywele na macho ni melanini, nayo hutengenezwa ndani ya seli maalumu. Kazi hiyo yahitaji maelekezo, na maelekezo yamo katika jeni. Kila mtu ana nakala mbili za jeni za namna hii, moja ametoa baba na moja ametoa mama. Katika Afrika ualbino ulio mwingi watokana na jeni iitwayo OCA2, iliyo katika kromosomu ya 15. Jeni hii hutoa maelekezo ya protini ikaayo kwenye utando wa vijumba vidogo ambamo melanini hutengenezwa, na husaidia kuondoa ukali wa asidi humo ndani ili kazi iendelee. Nakala moja ikiharibika, ile ya pili yatosha, na rangi huwa kamili. Zikiharibika zote mbili, vijumba hubaki karibu vitupu.

Mfano ulionisaidia mimi ni wa kaya yenye visima viwili. Kisima kimoja kikiwa kikavu watu huteka katika cha pili, na mgeni apitaye hajui neno. Wakiwapo mume na mke, kila mmoja ana kisima kimoja kikavu na kimoja chenye maji, nao wanampa mtoto wao kila mmoja kisima kimoja bila kuchagua, mtoto aweza kupewa vyote viwili vyenye maji, au kimoja hivi na kimoja hivi, au vyote viwili vikavu. Huyu wa mwisho ndiye tumwonaye. Mfano huu una upungufu wake, kwa kuwa kisima hukauka mwaka wa jua kali na watu wa Shinyanga waujua mwaka huo kwa jina, lakini jeni hii haikuharibika jana wala juzi. Mwaka 1995 R. A. Spritz na wenzake, akiwamo J. Luande aliyefanya kazi Tanzania, walitangaza uchunguzi wa Watanzania 13 wenye ualbino wasio na udugu wao kwa wao. Waliona kwamba badiliko moja tu, yaani kipande kile kile cha jeni kukosekana, lilikuwa katika takriban nakala 77 kwa kila 100 zilizoharibika. Badiliko hilo hilo limeonekana kusini mwa Afrika na kati ya Wamarekani wenye asili ya Afrika. Wataalamu wanahesabu kwamba lina chanzo kimoja cha kale, nalo limesambaa pamoja na wasemaji wa lugha za Kibantu. Sisi tunaozichunguza lugha hizo tungepaswa kuistaajabia habari hii: jeni iliyoharibika imesafiri njia ile ile iliyosafiri mizizi ya maneno tunayoilinganisha, na ni kongwe kuliko koo zote mbili zinazolaumiana pale Kolandoto.

Jambo jingine lililofichwa na neno kurithi ni wingi wa watu wanaohusika. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu Tanzania watu 16,477 wenye ualbino, yaani mtu mmoja katika 2,700 hivi. Msikilizaji akisikia hesabu hiyo hudhani kwamba jambo lenyewe ni la watu wachache na la nyumba chache. Lakini hebu tuifuate hesabu kinyumenyume. Ili mtoto apate nakala mbili zilizoharibika yatakiwa baba awe na moja, mama awe na moja, na kisha bahati ya mmoja katika wanne iangukie mimba hiyo. Mtu mmoja katika 26 akiwa na nakala hiyo, basi 26 mara 26 mara 4 ni 2,704. Tukiifuata hesabu ya zamani zaidi ya mtoto mmoja katika 1,400, twapata mtu mmoja katika 19. Hesabu hizi huchukua kwamba watu huoana bila kufuata udugu, nazo ni za kukadiria. Hata hivyo zatuambia kwamba katika mkutano wa watu mia chini ya mti ule, wanne au watano walikuwa na nakala hiyo mwilini mwao, na hapana hata mmoja wao aliyejua. Huenda mzee mwenye fimbo alikuwa mmoja wao. Huenda na kijana mwenye kufundisha. Huenda na mimi.

Katika mafunzo niliyoyasikia sehemu nyingi, bahati hii ya mmoja katika wanne husemwa vibaya vile vile. Husemwa: "Katika watoto wanne, mmoja atakuwa na ualbino." Sentensi hii ni fasaha na ni ya uongo. Aliyezaa mtoto mmoja mwenye ualbino huielewa kuwa ni ahadi, kwamba deni limelipwa na watoto watatu wajao watakuwa na rangi. Akizaa wa pili naye akawa vile vile, humwona mwalimu kuwa mwongo, au hujiona yeye kuwa na jambo la ziada. Kiswahili hakikosi njia ya kusema kweli hapa. Tungesema kwamba kila mimba ni kura mpya, wala kura ya leo haikumbuki ya jana.

Ama kuhusu jina la mtu mwenyewe, mengi yamekwisha kuandikwa na sitakaa sana hapo. Neno zeruzeru ni la zamani. Limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, wala hapo halikupewa maana ya mzuka. Waandishi wa kigeni ambao siku hizi huwaambia wasomaji wao kwamba zeruzeru maana yake ni pepo wamesikia matusi wakayadhania kuwa etimolojia. Lakini matusi yenyewe ni ya kweli, na wenye kuitwa hivyo hawalitaki, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuliacha. Mtu hana wajibu wa kuvumilia jina kwa kuwa limo katika kamusi. Neno albino latoka katika Kireno, nalo limepewa wingi wa ma- na Waswahili bila shida. Usemi mtu mwenye ualbino ni mrefu, tena mara nyingi ni mzito katika sentensi, lakini una sarufi nzuri: kiambishi u- huifanya hali kuwa kitu mbali na mtu, na mtu akabaki katika ngeli yake.

Usemi nisioupenda ni mlemavu wa ngozi, ambao magazeti yameuzoea. Ubaya wake si katika adabu. Ubaya ni kwamba humpotosha msikilizaji kuhusu jambo lenyewe. Jeni ile haikuinyima ngozi peke yake. Imeyanyima na macho, na kwa sababu macho hayakupata melanini yakiwa yangali yanakua tumboni, sehemu ya ndani ya jicho ya kuonea vitu vidogo haikukamilika, na mishipa iendayo kwenye ubongo haikugawanyika kama ilivyo kwa watu wengine. Ndiyo maana macho huchezacheza na mtoto huona kwa shida maandishi ya ubaoni. Mwalimu aliyeambiwa kwamba mwanafunzi wake ni mlemavu wa ngozi atampa kofia na mikono mirefu, na atafanya vyema, maana jua la Shinyanga huleta kansa kwa ngozi isiyo na kinga. Kisha atamketisha nyuma ya darasa, na mwisho wa mwaka atamwandika mjinga. Katika Manispaa hiyo hiyo ya Shinyanga ipo shule ya Buhangija, ambako watoto wenye ualbino wamesoma na kulala pamoja na watoto wasioona na wasiosikia. Mpangilio huo una kasoro zake nyingi, lakini yeyote aliyewaona watoto wale wakikileta kitabu karibu na pua hawezi tena kusema kwamba jambo lao ni la ngozi.

Turudi kwenye maneno ya elimu. Neno jeni limekwisha kubaliwa, nami silikatai, ingawa pale Kolandoto mama aliyekaa nyuma yangu alimwuliza jirani yake kwa sauti ya chini, "Amesema jini?" Mtu anaweza kucheka. Lakini fikiri maana ya sentensi aliyoisikia: kwamba jini la baba na jini la mama wamekutana katika mtoto. Ni sentensi kamili, yenye mantiki, na inaafikiana na mambo mengi ambayo kijana alikuwa amekuja kuyakanusha. Irabu moja ndiyo iliyotenganisha mafunzo na ushirikina, na irabu hiyo, katika masikio ya mtu ambaye hajawahi kuliona neno likiandikwa, haikutosha. Kwa ajili hiyo mimi napendelea kinasaba na vinasaba, maneno ambayo watu wameyazoea kwa habari za vipimo vya Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za baba wanaokana watoto. Lipo pingamizi kwamba nasaba katika asili yake hufuata zaidi upande wa baba. Ni kweli, na ni hasara. Lakini ngeli ya ki- na vi- imekipunguza kitu hicho kuwa kidogo na cha kuhesabika, na hilo ndilo tulilolihitaji.

Kuhusu nakala iliyoharibika, nimesikia ikiitwa jeni dhaifu, na ile nzima jeni yenye nguvu. Hapa pana kosa la kweli. Hakuna mieleka kati ya nakala hizi mbili. Moja inafanya kazi na nyingine haifanyi, na kazi ya moja yatosha. Tukisema dhaifu, msikilizaji hupata picha ya damu dhaifu, na kutoka damu dhaifu hadi mtoto dhaifu, na kutoka hapo hadi ukoo dhaifu, ni hatua fupi, tena za mteremko. Wengine husema jeni fiche. Neno hili ni zuri zaidi, maana husema lile tu lililo kweli, kwamba ipo na haionekani.

Nalo neno sababu lataka jicho. Kila kijitabu na kila somo huanza na kichwa cha maneno kisemacho sababu za ualbino. Katika Kiswahili sababu ina nyuso mbili: ni kile kinacholeta jambo, na tena ni hatia ya mtu aliyelileta. Tukimwambia mtu, "Haya yote ni kwa sababu yako," hatumfundishi elimu ya maumbile. Swali "sababu ni nini?" katika nyumba iliyopata mtoto asiye na rangi husikika kama swali "ni nani?" Riwaya ya Ben Hanson iitwayo Takadini, ambayo wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania wameisoma kwa Kiingereza, imelifahamu jambo hili vizuri. Ni hadithi ya Washona wa Zimbabwe, ya mama aitwaye Sekai ambaye baada ya kukaa miaka mingi bila mtoto anajifungua mtoto mwenye ualbino, kisha anakimbia naye ili asiuawe. Jina la mtoto lenyewe ni swali, maana yake ni "Tumefanya nini?" Mwandishi amelitia swali la hatia mahali pa jina, nasi twalisikia kila mtoto anapoitwa. Uzuri wa riwaya ni huo, na upungufu wake, kwa jinsi niionavyo mimi, umo hapo hapo. Inatushawishi tumpende mtoto na tumhurumie mama, lakini swali lenyewe haliondoi; inatuomba tuvumilie bila jibu. Mwalimu anayeifundisha Shinyanga hapaswi kuishia hapo. Swali lile lina jibu, nalo ni kwamba hawakufanya neno.

Najua pingamizi litakaloletwa. Mtu atasema kwamba Shinyanga, Mwanza na Geita watu wameuawa, na waliowaua hawakukosea sarufi. Tangu mwaka 2007 habari za mauaji na za kukatwa viungo zilizidi katika mikoa ya Ziwa. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa kiume. Mwezi Februari 2015, huko Chato katika mkoa wa Geita, mtoto wa mwaka mmoja aliporwa mikononi mwa mama yake, na mama akajeruhiwa, na mtoto akapatikana amekufa. Kati ya matukio hayo Serikali ilipiga marufuku kazi za waganga wa jadi, mwezi wa Januari 2009. Biashara ile ilikuwa na wauzaji na wanunuzi, na ahadi zake zilikuwa za dhahabu na samaki. Anayemwita mwenzake dili anapopita njiani hana haja ya kuelezwa kromosomu ya 15. Anajua anachokisema, na neno lake latoka sokoni.

Pingamizi hilo nalikubali karibu lote. Sidai kwamba neno bora lingemzuia mwenye panga. Lakini wapo watu wengi kati ya mwenye panga na mtoto, na watu hao hufanya mambo yao kwa maneno. Mtoto ambaye baba yake yupo na babu yake amemkubali, alalaye katika nyumba yenye wanaume watatu na mbwa, hayumo katika hatari sawa na mtoto aliyerudishwa kwa bibi yake katika kibanda cha pembeni kwa kuwa mama yake "ametoka nacho kwao". Hapo ndipo neno kurithi lilipofanya kazi yake, mapema, mchana, bila mtu kushika silaha.

Basi tuseme nini mahali pake? Kiswahili kina maneno mawili ya zamani ambayo nashangaa kuona hayakutumiwa: kuumeni na kukeni. Kuumeni ni upande wa baba na jamaa zake, kukeni ni upande wa mama na jamaa zake. Na kwa kuwa wazee wa pwani huuita mkono wa kulia mkono wa kuume na wa kushoto mkono wa kuke, maneno hayo yana sura ya mikono miwili ya mtu mmoja. Sentensi ingekuwa hivi: "Ualbino hutoka kuumeni na kukeni pamoja, upande mmoja peke yake hauwezi kuuleta." Sikuitunga ili ipendeze. Naiona ina faida mbili ambazo kurithi haina. Yataja pande zote mbili kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kuchagua mmoja, na yasema wazi kwamba upande mmoja hautoshi. Mama mkwe aliyeniambia "sisi hatuna" asingeweza kuisema sentensi hiyo na kubaki na lawama yake.

Huko Shinyanga kuna ugumu mmoja ambao mtu wa pwani asingeutambua. Kwa desturi ya Wasukuma ng'ombe wa mahari ndio huwaweka watoto katika ukoo wa baba. Mahari ikiwa imelipwa, mtoto ni wa kwa baba. Kwa hiyo kumwambia mzee kwamba mjukuu wake ana sehemu ya kukeni iliyo sawa na ya kuumeni, nusu kwa nusu, kunaweza kusikika kama kuidai mahari upya. Niliijaribu sentensi yangu kwa mzee yule mwenye fimbo siku ya pili yake. Alifikiri kwa muda. Kisha akasema kwamba ng'ombe hununua jina la mtoto, hawanunui mwili, na hata dume la kukodi huacha rangi yake katika zizi la mwenziwe. Nikamweleza habari ya visima viwili. Akauliza kama kuna dawa ya kukijua kisima kikavu kabla ya kuoa. Nikamjibu kwamba kipimo kipo katika maabara za wataalamu, ila si jambo la kila zahanati, na kwamba wengi wenye kisima kikavu wanazeeka bila kukijua. "Basi hata mimi," akasema. Hakusema zaidi.

Neno moja limenishinda, nami naliacha mbele ya wasomaji wa jarida hili. Mtu mwenye nakala moja iliyoharibika na moja nzima, mwenye rangi yake kamili, tumwite nani? Wengi husema mbebaji. Lakini abebaye hujua kwamba amebeba. Mzigo u mgongoni mwake, na aweza kuutua akichoka. Mchukuzi ni mtu wa bandari. Mwenye jeni fiche lafaa darasani, lakini ni refu, na sikioni humleta tena yule jini wa yule mama. Mimi mwenyewe nimekuwa nikisema mwenye upande mmoja, na yule mtoto mwenye pande mbili, na watu wa Kolandoto walinielewa; lakini najua kwamba kwa Mswahili wa Mombasa au wa Unguja upande mmoja kwaweza kumaanisha kipande cha kitambaa. Huenda katika lahaja za kaskazini, au katika lugha ya wafugaji wanaochagua madume kwa rangi, liko neno la mnyama ambaye rangi haimo katika ngozi yake bali hutokea kwa ndama wake. Wafugaji wa Kisukuma niliowauliza walinipa maelezo marefu, wakabishana, na hawakunipa neno. Aliyelisikia popote na aliandike.